Kilo za Mama na Mtoto Anayengojewa

Kisha arusi, katika Butembo kama katika Beni, watu hawakawii kuangalia mwili wa bibi-arusi. Miezi ya kwanza akiongeza kilo, majirani wanafurahi. "Bwana anamutunza muzuri," ndivyo wanavyosema, na mama mkwe anajivuna sokoni. Lakini mwaka ukipita, na wa pili, bila mimba, kilo zilezile zinageuka kuwa mashitaka. "Mafuta imefunga kizazi," wanasema. "Anakula bure."

Bibi wa namna hiyo yuko katika kila parokia na kila kusanyiko. Anaimba katika korali, anauza meza yake sokoni, na usiku analia. Kwa Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata mpango wa kuzaliwa: msichana wa kwanza mara nyingi ni Masika, mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Jina liko tayari kabla mtoto hajaja. Kwa bibi anayengoja, jina hilo ni kama kiti kitupu ndani ya nyumba.

Je, ni kweli kilo zinaweza kuzuia mimba? Ndiyo, pengine. Je, kila bibi munene asiyezaa amezuiwa na kilo zake? Hapana. Jamaa nyingi hazijui kutenganisha maneno haya mawili, na kwa sababu hiyo zinapoteza miaka na mali. Wasomaji wapenzi, tuyatazame polepole.

NANI ANAYEITWA MGUMBA?

Wanganga hawasemi neno hilo haraka. Bibi na bwana wakikaa pamoja na kulala pamoja bila kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba, wanapewa miezi 12. Mimba isipopatikana katika mwaka huo mzima, hapo ndipo uchunguzi unaanza. Kama bibi amefikia miaka 35 ama zaidi, asingoje mwaka. Kisha miezi 6 aende kuonana na munganga. Vilevile kama haoni siku zake za mwezi vizuri, ama amekwisha kuwa na ugonjwa wa tumbo la chini, aende mapema.

Wenye shida hii si wachache. Katika mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza kwamba katika watu wazima 6 duniani, karibu mmoja anakutana nayo katika maisha yake. Iko katika nchi tajiri na katika nchi maskini. Basi mtu asiseme ni laana ya ukoo fulani.

NAMNA KILO ZINAVYOGUSA KIZAZI

Kila mwezi mwili wa mwanamke unakomaza yai moja ndani ya ovari. Katika mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hilo linatoka karibu siku ya 14. Linatoka kwa sababu ubongo unatuma habari kwa ovari, na ovari inajibu. Habari hizo zinapita katika damu, nazo zinaitwa homoni.

Watu wengi wanafikiri mafuta ya mwili ni mzigo tu, kama kiloba cha unga mgongoni. Sivyo. Mafuta yenyewe yanafanya homoni. Yakizidi, ni kama redio mbili zinazosema pamoja katika chumba kimoja: ubongo na ovari hawasikilizani tena vizuri. Kuna pia insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu ndani ya mwili. Mafuta yakizidi, hasa ya tumbo, mwili unaanza kuwa kiziwi kwa insulini. Basi unatengeneza nyingine nyingi kupita kiasi. Insulini hiyo nyingi inasukuma ovari kufanya homoni za kiume, na yai halikomai. Mwezi unachelewa, unaruka, ama unakatika kabisa. Pasipo yai, hakuna mimba.

Kuna ugonjwa mmoja unaotembea pamoja na jambo hili. Kwenye ekografi ovari zinaonekana zina vifuko vidogo vingi, na ndani yake mayai ambayo hayakukomaa. Katika mwaka 2023 OMS ilihesabu kwamba wanawake 8 hadi 13 katika 100 wenye umri wa kuzaa wanao, na wengi hawajui. Alama zake ni hizi: mwezi unakuja mara chache katika mwaka, nywele zinaota kidevuni ama kifuani, chunusi haziishi, kilo zinapanda upesi. Lakini uangalie: wanawake wembamba pia wanaweza kuwa nao. Mtu asipime ugonjwa kwa macho tu.

Na kukonda sana nako kunazuia. Mwanamke aliyekimbia vita, aliyelala njaa miezi mingi, mwili wake unaweza kukata siku za mwezi. Ni kama mwili unasema: chakula cha mmoja hakitoshi, nitalisha wawili na nini? Huyo hahitaji kupunguza kitu. Anahitaji chakula na usalama.

JUU YA NINI MIILI YETU IMEGEUKA?

Mama zetu walikuwa wanakula bukari na sombe, na hawakuhesabu kilo. Ni kweli. Lakini waliamka mapema, wakashuka bondeni kuteka maji, wakapanda mlima kwenda shambani, wakarudi na kikapu cha muhogo na fungu la kuni mgongoni. Chakula chote kiliishia katika kazi.

Tangu mauaji yaliyoanza karibu na Beni mwaka 2014, jamaa nyingi ziliacha mashamba yao na kukimbilia miji. Mama aliyekuwa analima leo anakaa nyuma ya meza ya biashara toka asubuhi mpaka jioni. Hana shamba la mboga, ananunua kinachoshibisha kwa bei ndogo: mandazi, mkate, mchele, bukari nyingi na mchuzi wenye mawese. Akitoka sokoni, anapanda pikipiki hata kwa safari ya robo saa. Kiu ikimshika, anapewa Fanta. Chupa moja ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ni kusema vijiko vidogo 7. Kwa hiyo kilo haziji kwa sababu ya ulafi peke yake. Mama wengi wamenenepa huku wakiwa maskini. Tusiwacheke.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa kike wanalijua, lakini wazazi hawalijui. Ni vidonge vya kunenepesha. Katika miji mingi ya Congo wasichana wanavinunua ili wapate mwili unaosifiwa, ama bibi mpya anavimeza ili jamaa ya bwana isiseme amekonda. Mara nyingi ni dawa mbili. Siproheptadine ni dawa ya mzio, nayo inaamsha hamu ya kula. Deksametazone ni dawa ya nguvu ambayo munganga anaiandika kwa magonjwa makubwa. Ukimeza deksametazone siku nyingi bila munganga, uso unavimba, sukari ya damu inapanda, tansio inapanda, mifupa inadhoofika, na siku za mwezi zinaweza kuvurugika. Msichana anatafuta mwili wa kuolewa, na anaharibu mwili wa kuzaa. Na aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiikate kwa ghafula. Aende kwa munganga aipunguze polepole, kwa sababu kuikata mara moja kunaweza kuwa hatari.

KILO NGAPI ZINATOSHA?

Hapa kuna habari njema. Si lazima bibi awe mwembamba kama alivyokuwa shuleni. Akipunguza kilo 5 hadi 10 katika kila kilo 100 za mwili wake, mara nyingi siku za mwezi zinaanza kurudi katika mpango na yai linaanza kutoka.

Tuchukue mfano. Bibi ana kilo 85, na urefu wa metre 1 na sentimetre 60. Wanganga wanagawanya kilo kwa urefu mara mbili: 85 kwa 1,60 ni 53; na 53 kwa 1,60 ni 33. Toka 18,5 mpaka chini ya 25 ni vizuri. Toka 25 ni kilo zilizozidi. Toka 30 ni unene wa ugonjwa. Bibi huyu ana 33. Hahitaji kupoteza kilo 25. Akipunguza kilo 4 hadi 8, mwili wake unaweza kuanza kusikia habari za ubongo tena. Hiyo ni kazi ya miezi 3 hadi 6, na inafanyika nyumbani.

Namna gani? Tuseme mambo ya jikoni, si ya vitabu.

Sahani: nusu yake iwe mboga, yaani lengalenga, sombe, kabichi, poro na karoti za Lubero. Robo iwe maharagi, samaki, ndagala, yai ama nyama. Robo inayobaki ndiyo ya bukari, mchele, viazi ama makemba. Hapa kwetu tumezoea kupindua: bukari mlima, mboga kijiko.

Mafuta: mawese si sumu, lakini sombe isiogelee ndani yake. Pima kwa kijiko, usimwage toka kwenye chupa.

Vinywaji: maji safi. Sukari ya chupa iwe ya sikukuu. Pombe, iwe kasiksi ama ya kiwanda, inaongeza kilo, na bibi anayetafuta mimba aiache.

Kutembea: Butembo ni mji wa vilima, na kilima ni dawa isiyouzwa. Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa mwendo unaofanya upumue kwa nguvu, inatosha kwa kuanza. Wa Beni, mahali panapolala tambarare zaidi, waongeze dakika kidogo. Bwana aende pamoja naye jioni, wakati kungali na mwanga na njia iko salama.

Usifunge chakula siku nzima ili kilo zishuke upesi. Usinywe dawa za kuharisha zinazoitwa za kusafisha tumbo. Kilo zinazokimbia kwa njia hiyo zinarudi zikiwa na ndugu zao. Na kama una ugonjwa wa sukari ama tansio na unakunywa dawa, ongea na munganga kabla ya kubadilisha chakula.

LAKINI KILO ZISILE MIAKA YAKO

Katika Uholanzi wanganga walitaka kujua kama ni vizuri kumwambia kila bibi munene apunguze kilo kwanza, kisha ndipo atibiwe. Walichukua wanawake 577 waliokuwa wanene na hawakupata mimba. Nusu walipewa mashauri ya chakula na mazoezi kwa miezi 6 kabla ya matibabu. Nusu walitibiwa mara moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016.

Wale wa mashauri walipunguza kilo 4 na nusu hivi. Katika 100 kati yao, 26 walipata mimba zenyewe, bila matibabu. Katika wale wengine ni 16 tu. Hiyo ni faida. Lakini walipohesabu waliozaa kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mwenye afya na mimba iliyotimia, katika muda wa miaka miwili, walikuta 27 katika 100 kwa wale waliotangulia kupunguza, na 35 katika 100 kwa wale waliotibiwa mara moja. Utafiti mwingine uliotangazwa Marekani mwaka 2022 haukuona pia kwamba kupunguza kilo kabla ya matibabu kunaongeza watoto wanaozaliwa.

Tunajifunza nini? Kupunguza kilo kunasaidia mwili kujifanyia kazi yake wenyewe, na kunakinga bibi wakati wa mimba, maana unene unaleta tansio ya mimba, sukari ya mimba, na uzazi mgumu unaomaliza kwa kisu. Lakini kilo zisiwe mlango wa kumfungia mtu nje ya hospitali. Bibi wa miaka 24 ambaye mwezi wake umekatika kwa sababu ya unene, anaweza kuanza na chakula na vilima, akingoja miezi michache. Bibi wa miaka 36 hana muda huo. Yai linazeeka kila mwaka. Yeye afanye yote mawili pamoja: apunguze kilo na achunguzwe. Na bibi ambaye mirija yake imeziba, hata akipunguza kilo 30, mirija haitafunguka kwa kutembea.

BWANA NAYE AENDE

Tuseme bila kuficha. Karibu nusu ya jamaa zisizopata mtoto, shida iko pia upande wa mwanaume: peke yake, ama pamoja na ya bibi. Kipimo cha mbegu za mwanaume ni rahisi, hakikati mtu, na bei yake si kubwa kama ya vipimo vya mwanamke. Lakini mara ngapi bibi amezunguka hospitali miaka 5, amekunywa mizizi, amechukua deni, kumbe bwana hakukubali kutoa mbegu zake kwenye chupa hata siku moja? Kuwa mwanaume wa nguvu kitandani si ushuhuda kwamba mbegu ziko nzuri. Unene, pombe na tumbako vinaharibu mbegu pia.

Na kuna mirija. Katika Afrika yetu sababu kubwa ya ugumba ni magonjwa ya kuambukizwa kwa zinaa, kama kisonono na klamidia, na pia uchafu unaoingia kisha kuzaa ama kutoa mimba. Klamidia inaweza kukaa bila maumivu, huku inaziba mirija. Wazee wa nchi hii wanakumbuka kwamba zamani za Wabelgiji kulikuwa na sehemu za Congo, kama kwa Wamongo na kwa Watetela, ambako wanawake wengi sana hawakuzaa hata mtoto mmoja. Mtaalamu Anatole Romaniuk alichunguza hesabu za watu za miaka ya 1950, na ugonjwa wa zinaa ulionekana kuwa chanzo kikubwa. Penisilini ilipofika, watoto wakaongezeka. Hawakuwa watu wa laana. Walikuwa wagonjwa.

Jambo hili linatugusa sisi wa maeneo ya migodi. Bwana anaenda machimboni Manguredjipa ama mbali zaidi, anakaa miezi mingi, anarudi na franka kidogo, na pengine anarudi na ugonjwa. Bibi ndiye anayehesabiwa kilo, na huku mirija yake imezibwa na kitu kilicholetwa toka njiani. Wakitibiwa, watibiwe wote wawili pamoja. Na wanaochoma zebaki ili wapate dhahabu, wasiichome jikoni karibu na bibi: moshi wake ni sumu, na unadhuru mtoto angali tumboni.

NJIA YA HOSPITALI

Anzia kwenye kituo cha afya cha karibu. Watakutuma kwenye hospitali kubwa ikihitajika, kama Kitatumba ama Matanda katika Butembo, ama Hospitali Kuu ya Beni. Mwende wawili. Bibi abebe karatasi ambayo ameandika tarehe za mwezi wake kwa miezi 6. Mpango mzuri ni huu: kwanza maswali na kilo, tansio, sukari ya damu na vipimo vya magonjwa ya zinaa, kisha mbegu za bwana, kisha ekografi ya bibi, kisha, ikihitajika, foto ya mirija.

Kama shida ni yai lisilotoka, kuna vidonge vinavyoamsha ovari, kama letrozole na klomifene. Vinasaidia wengi. Lakini usivinunue farmasini kwa kusikia shoga yako. Kama bwana hana mbegu, ama mirija imeziba, utameza bure. Na pengine vitaleta mapacha ama watatu ambao mwili haukujitayarisha kuwabeba. Anayetafuta mimba amwombe munganga vilevile asidi foliki, inayokinga uti wa mgongo wa mtoto.

Wengine wanasikia habari za Kampala. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua njia ile ya Kasindi. Huko Uganda mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa mwaka 2004, na duniani wa kwanza alikuwa Louise Brown katika Uingereza, mwaka 1978. Njia hiyo ni ya kweli, lakini gharama yake inahesabiwa kwa maelfu ya dola, na mara nyingi jaribio la kwanza halifaulu. Wakatoliki wajue kwamba Kanisa lao liliandika mwaka 1987 kwamba halikubali njia hiyo. Makanisa mengine yana mawazo mbalimbali. Kabla ya kuuza kiwanja, bibi na bwana wakae na munganga, na mchungaji ama padri wao, wahesabu vyote.

KWA JAMAA YOTE

Katika Biblia Hana alingoja mtoto miaka mingi, na mwenzake alikuwa anamchokoza. Bwana wake Elkana hakumfukuza, wala hakumpunguzia chakula mezani. Alimpa sehemu yake, kwa sababu alimpenda. Kila bwana wa Butembo na Beni anaweza kufanya vile hata kama hana franka.

Mama mkwe, usimuulize tena kila juma kama kuna habari. Umuletee fungu la lengalenga, umuambie: "Mwanangu, twende tutembee." Wasichana, hicho kidonge cha kunenepesha kitupeni chooni, na aliyekwisha kukimeza siku nyingi, aonane na munganga kwanza. Wavulana, mjipime kabla ya arusi. Na wewe bibi unayengoja, punguza kilo kama ziko, juu ya damu yako na moyo wako, si kwa sababu ya kuogopa vinywa vya watu. Kisha mushike bwana wako mkono, mwende hospitalini mkiwa wawili.

Wako wengine ambao watafanya yote haya na mtoto hatakuja. Nyumba yao ni nyumba, na ndoa yao ni ndoa. Yatima wa vita ni wengi katika mitaa yetu, na wengi wao wanaitwa Masika na Mumbere.